Mama Sombe na Sakafu Iliyokuwa Ikijibu

Du! Du-du! Halafu kimya kidogo. Halafu kutoka chini ya ardhi, mbali, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi: ko, ko-ko.

Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha nilipokuwa msichana Kolwezi, na mpaka leo, huku Kisenge ninakoishi, kuna asubuhi nafungua macho nikiisubiri. Aliyegonga wa kwanza ni Mama Sombe, jirani yetu, akipiga sakafu ya chumba chake kwa mchi wa kinu. Waliojibu ni vijana waliokuwa wakichimba mawe ya shaba na kobalti chini ya kitanda chake.

Nikisema chini ya kitanda sitanii. Mtaa wetu ulikuwa hivyo. Siku watu walipojua kwamba jiwe haliko Mashamba tu, kwenye yale mashimo makubwa ya kampuni, bali liko na chini ya nyumba zetu, kila mtu alianza kuchimba kwake. Nyuma ya jiko. Katikati ya sebule. Familia moja ilihamishia meza ya kulia nje ili shimo lipate nafasi. Shimo linashuka kama kisima, likilikuta jiwe linageuka na kulifuata linakokwenda, na jiwe halijui kiwanja cha nani kinaishia wapi. Shimo la jirani yake wa kushoto lilipita chini ya ukuta, likaingia chumbani kwa Mama Sombe bila kubisha hodi.

Tulimwita Mama Sombe kwa sababu ya kazi yake. Aliuza sombe, majani ya muhogo, yakiwa yametwangwa tayari, laini, ya kijani mpaka vidole vyake vilikuwa vya kijani Jumapili hadi Jumapili. Jina lake la ubatizo sikulijua. Watu wa mtaa walimjua kwa sombe, na yeye aliitika kwa jina hilo kama vile ndilo aliloandikiwa na padri.

Mdomo wake ulikuwa mkali. Alimtukana mwenye pikipiki aliyepita mbio, alimtukana mbuzi, alilitukana wingu lililokuja siku ameanika nguo. Sisi watoto tulikuwa tukijificha nyuma ya ukuta ili kusikiliza, maana matusi yake yalikuwa matamu. Mwanamke mmoja aliyekuja kulalamika kwamba sombe ya jana ilikuwa na uchungu aliambiwa, "Ile si sombe, mama. Ni moyo yako ndiyo ulionja." Lakini mwanamke yule yule akiondoka, Mama Sombe alimkimbilia na fungu lingine, akalitupa ndani ya kikapu chake akitukana bado.

Mimi nilikuwa nimepanda moyoni ndoto ya kufungua malewa, kibanda cha chakula, karibu na barabara kubwa, chenye viti vyeupe vya plastiki na ubao umechorwa samaki anayecheka. Sikufika mbali shuleni, ila ile ndoto niliisoma vizuri. Nilimwambia Mama Sombe. Hakucheka. Aliniwekea mchi mkononi.

"Twanga, nione."

Nikatwanga. Alisimama mikono kiunoni, akaniangalia kama mtu anayeangalia kuku mgonjwa.

"We mutoto, unatwanga kama unaomba majani musamaha. Tia nguvu! Majani haina mama ya kukuya kukuuliza."

Ndivyo nilivyojifunza. Na pamoja na kutwanga nilijifunza sheria yake moja, ambayo aliwafundisha watoto wote wa mtaa, wa kwake na wa watu: mtu akigonga, unaitika. Hata kama hutaki kumwona. Hata kama uko chooni. "Muntu akikugongea, unaitika! Utamuacha inje anajiuliza kama ulikufa?" Kaka yangu alikuwa akiitika "Karibu!" kutoka chooni kwa sauti ya askofu, na Mama Sombe, upande wa pili wa ukuta, alikuwa akisema, "Eeh, ule alilelewa."

Sasa hadithi ya sakafu. Mwanzoni aliposikia vyuma vikigonga chini ya kitanda alidhani ni panya. Halafu akasikia harufu ya sigara ikitoka kwenye ufa wa sakafu. Panya havuti sigara. Alichukua mchi, akaupiga chini kwa hasira mpaka sahani zikalia kabatini. Tukasikia sote, maana ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja. Vyuma vikanyamaza. Kisha kutoka chini yakaja majibu ya utani, mapigo yale yale aliyopiga yeye: ko, ko-ko.

"Nyinyi ba kule chini!" alifoka Mama Sombe, mdomo kwenye ufa. "Muko bantu ao muko bapanya?"

Sauti ikapanda, ndogo, imefunikwa na udongo: "Tuko bantu, mama! Leo unapika nini?"

"Napika sumu!"

"Tia na chumvi kidogo, mama!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Sombe hakucheka, au alicheka upande wa moyo tusioweza kuuona. Alitukana hadi mchana. Kesho yake asubuhi alipiga tena sakafu, ili awasumbue, alisema. Wakajibu. Kesho kutwa vile vile. Mwisho wa mwezi, kama angechelewa kugonga, wao ndio walikuwa wakianza. Pole pole ikawa sheria hata ya wachimbaji wenyewe: mama wa juu akigonga, yeyote aliye chini anajibu, ili ajue wako hai, na akigonga haraka haraka bila kupumzika, maana yake sakafu inabonyea, tokeni. Mara moja alifanya hivyo, wakatoka wote, na kipande cha njia yao kikaanguka nyuma yao. Siku ile walimletea kitenge kipya. Alikipokea akiwaambia wanunue kwanza sabuni.

Yeye mwenyewe hakukubali kuchimba. Kiwanja chake ndicho kilikuwa kizima peke yake upande wetu wa njia, kimefagiliwa, na mistari ya ufagio ikionekana asubuhi kama nywele zilizosukwa. Wanunuzi wa viwanja walikuja na viatu vizuri.

"Mama, hii nyumba yako imelala juu ya mali."

"Basi muiache ilale," alisema. "Na mi nalalaka hapa hapa. Hatusumbuane."

Walirudi mara nyingine. Walikuta maji ya kuoshea sombe yakiwasubiri ndani ya ndoo, na viatu vyao vikawa vya kijani.

Kwa hiyo mtu atauliza: huyu mama alikuwa adui wa wachimbaji? Mchana nilimwona akijaza sufuria ya bukari, ugali wetu, isiyolingana na nyumba yake, akiibeba kichwani hadi mdomo wa shimo la jirani, akiwatukana waliokula. "Muoshe mikono! Mutakula na kobalti?" Alichukia shimo, akalisha shimo. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba mtu akikaa chini ya nyumba yako ni mgeni wako, hata kama aliingia vibaya.

Alikuwa na watoto, lakini waliokuwa wakubwa walikwisha kuondoka, mmoja Likasi, mwingine sijui wapi. Nyumbani alibaki Kasongo, wa mwisho, kijana mrefu mpole aliyepiga ngoma kwenye kwaya ya kanisa. Mama Sombe alisema ngoma kanisani ni fujo. Lakini Kasongo akianza kupiga, aliyekuwa wa kwanza kuinuka kwenye benchi, kitenge kimefungwa vizuri, mabega yakijibu, ni yeye. Aliimba vibaya. Aliimba kwa nguvu. Aliomba macho yakiwa wazi, akisema Mungu haogopi kuangaliwa.

Kasongo alikuwa akijifunza ufundi wa magari. Ndivyo mama yake alivyojua. Halafu ikafika asubuhi moja. Mama Sombe aligonga, na majibu yaliyotoka chini hayakuwa yale ya siku zote. Yalikuwa mapigo yale yale, lakini yamepigwa na mkono unaojua ngoma: la mwisho limeachwa lianguke polepole, kama anavyofanya mpiga ngoma kabla kwaya haijaingia. Mimi niliyesikia upande wa pili wa ukuta sikuelewa. Mama Sombe alielewa. Nilipokwenda kwake kuchukua kinu, nilimkuta amekaa kitandani, mchi kati ya magoti.

Jioni Kasongo aliingia, amejiosha uso lakini si masikio. Nilikuwa pale natwanga.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa garage, mama."

"Garage iko chini ya kitanda yangu?"

Kasongo akaanza kucheka, halafu akainamisha kichwa. Nilidhani matusi yatakuja, nikasimamisha mchi ili nisipitwe. Hayakuja. Mama Sombe aligeuza sombe motoni, akasema bila kumwangalia:

"Kama unaingia kule, unagonga kwanza, nijue. Ukitoka, unagonga. Ya kuingia, ile yenu ya kila siku. Ya kutoka, moja tu, kubwa."

"Ndiyo, mama."

"Nikisikia ile ya kutoka, natia maji ya bukari kwa moto."

Ikawa hivyo. Nilizoea na mimi. Asubuhi ko, ko-ko. Jioni pigo moja, zito, na baada yake kuni zikivunjwa upande wa pili. Nilikuwa nikiwaza kwamba siku moja kwenye malewa yangu nitaweka mtu wa kugonga hivyo, ili wateja wajue chakula kimeiva.

Mvua za mwaka ule zilikuja nyingi. Udongo wetu mwekundu ukinywa sana unakuwa kama uji. Siku yenyewe sina mengi ya kusema juu yake. Kasongo alishuka, wenzake wakabaki juu kuvuta kamba, na mdomo wa shimo la jirani ukajifunga. Aligonga kuingia. Kutoka hakugonga.

Walichimba. Vijana wa mtaa mzima walichimba, hata wale waliokuwa wakigombana kwa ajili ya mipaka, na kila walipotoa udongo mwingine ulishuka. Mwisho walikuja mlangoni kwa Mama Sombe, taa zao za kichwani zimezimwa, na mkubwa wao akasema, "Mama, tumeshindwa. Inaanguka tu." Akaitika, "Aksanti, batoto," kwa sauti nisiyowahi kuisikia kwake. Basi tukakaa kilio bila maiti. Wanawake walitandika mikeka chumbani, wakakaa wamezunguka kitanda kama vile mgonjwa yuko juu yake.

Na kila asubuhi Mama Sombe alichukua mchi katikati yetu, akagonga. Du, du-du. Akasubiri, mkono mmoja umeinuliwa ili tusipumue kwa kelele. Wazee wa kanisa walitaka kumkataza. Mama yangu aliwaambia wamwache.

Asubuhi moja sakafu ikajibu.

Ilikuwa ndogo. Ko, ko-ko. Wanawake wote waliisikia, hakuna atakayesema aliota. Kelele iliyotoka mle chumbani ilifika barabarani. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni ya maji, nikaiangusha. Mmoja akasema kwa wasiwasi, "Lakini si mukono ya Kasongo ile, ile ya ngoma." Mama Sombe akamgeukia: "Amechoka! Siku zote zile bila kula, unataka apige ngoma?"

Kisha yeye, aliyewafukuza wanunuzi kwa maji ya sombe, yeye aliyekuwa na kiwanja kisicho na jeraha, alisukuma kitanda mpaka ukutani, akaomba baramina, ule mti wa chuma wa kuchimbia, na pigo la kwanza juu ya sakafu yake alilipiga mwenyewe. Vijana wakapokea. Walichimba kwa zamu mle chumbani, udongo ukitolewa kwa mabeseni yetu ya kufulia, na yeye akiwa amepiga magoti ukingoni akisema, "Ngoya, Kasongo. Tunakuya. Ngoya kidogo." Aliagiza sombe iwekwe motoni. Nilitwanga mimi. Nilitwanga kwa nguvu zote, nikiimba ndani ya moyo, maana niliamini. Mimi ni mtu wa kuamini upesi.

Walipotoboa, waliona mwanga chini. Mwanga wa taa. Wakapanda vijana ambao hatukuwajua, mmoja baada ya mwingine, wamepauka kwa vumbi, wakishangaa kujikuta chumbani kwa watu katikati ya wanawake wenye vitambaa vya kilio. Walikuwa wamekuja kutoka mikoa mingine, wakafungua shimo njia ya nyuma, na njia yao ilikuwa imefika hapo wiki ile. Hawakujua habari ya msiba. Waliambiwa tu na waliowatangulia kwamba kuna mama wa juu anayegonga asubuhi, na kwamba ni sheria kumjibu.

Waliochimba waliwakamata mashati. Mtu aliinua baramina. Kijana mmoja wa wale wageni alisema:

"Mama, tulisikia unagonga. Tukaitika."

Niliangalia uso wa Mama Sombe, na laiti nisingeuangalia. Kitu kilitoka kwenye uso ule na hakijarudi mpaka leo. Lakini aliinuka, akashika ile baramina iliyoinuliwa, akaishusha.

"Mubaache. Balilelewa muzuri."

Halafu akaniambia mimi, "Leta ile sombe."

Wakala. Walikula chakula cha Kasongo, wamekaa ukutani, hawajui waweke macho wapi, na yeye aliwaongezea. Hakuwatukana. Hilo ndilo lililoniliza: kwamba walikula bila kutukanwa.

Baada ya hapo alifunika shimo kwa mbao na udongo, akarudisha kitanda juu yake. Watu walimwambia kwamba sasa limeshafunguka, achimbishe, jiwe lake ni zuri. Aliwajibu kwamba kile ni kitanda. Na akaendelea kugonga. Kama kuna aliyejibu alisema asante, kama hakuna alisema Kasongo amelala. Sikujua kama alikuwa anatania. Nafikiri mwenyewe hakujua.

Sisi tuliondoka kabla ya mwisho. Wakubwa walitangaza kwamba mtaa wote utahamishwa na mahali pale patazungushiwa ukuta, na baba yangu, badala ya kungoja, alituchukua hadi Kisenge kwa ndugu yake. Kisenge ni pazuri kwa mtu anayependa kusikia jogoo. Ninashona kidogo, ninapika kwenye sherehe za watu. Lakini ndoto yangu ilibaki Kolwezi, na samaki wake anayecheka.

Mwaka huu, mwezi wa munane, nikapata konje, siku chache za mapumziko. Nilipanda lori nikiwa nimejiandalia furaha kama nguo ya sikukuu: nitakula kuku barabarani, nitapiga picha mbele ya majengo mapya, nitatafuta mahali pa kibanda. Nilifikia kwa tantine, dada ya mama. Mji umekua mpaka umenisahau. Njia nilizokuwa nikipita nikifumba macho zina lami na mataa, malori yanapita yamefunikwa turubai, moja nyuma ya jingine, na vumbi lile jekundu ndilo peke yake lililonitambua, likaingia puani kama zamani.

Mtaa wetu haupo. Kuna ukuta. Mrefu, na juu yake waya wenye miiba.

Tantine alinieleza jinsi Mama Sombe alivyoondoka. Lori la kuhamisha lilikuja siku aliyokuwa sokoni, na dereva alikataa kungoja. Majirani, kwa kumpenda, walimpakilia kila kitu: kitanda, sufuria, kinu, mpaka mabati ya paa. Hawakuacha hata kijiko. Aliporudi, alikuta watu wamekwisha kufunga kamba, wanamsubiri atoe shukrani, na walinzi wamesimama mlangoni. Hakuruhusiwa kuingia tena. Alipandishwa mbele, karibu na dereva, mahali pa heshima.

"Walimusaidia," tantine alisema. "Kila muntu alisema walimusaidia."

Nilimtafuta kwenye njia ya kwenda Nzilo, ambako wamejenga nyumba zinazofanana, milango ya chuma ya buluu, bila mti. Niliuliza Mama Sombe anakaa wapi. Hakuna aliyemjua. Nikaeleza: mrefu, mkali, kutoka mtaa ule. Msichana mmoja akacheka.

"Aah, ule mama anagongaka! Yuko mule, mulango wa mwisho. Ukiingia usiogope."

Alikuwa amekaa nje juani, miguu imevimba, imewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Vidole vyake havikuwa vya kijani. Nadhani nilijua kila kitu kwa kuona vile vidole.

"Ni nani?"

"Ni mi, mama. Mutoto wa nyumba ya ukuta moja na weye."

Akaniangalia muda mrefu. "Ule wa kuomba majani musamaha?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisha kujifunza?"

"Nilisha, mama."

"Muongo," alisema, na nikafurahi hadi machozi, maana nilidhani matusi yamerudi. Lakini lilikuwa moja tu. Aliniuliza habari za mama yangu, za baba, za samaki anayecheka. Alikuwa bado anamkumbuka. Nikamwambia kwamba viti sasa nitaweka vya rangi mbili. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo kubwa.

Aliniomba nimwingizie mkeka ndani. Chumba kilikuwa safi, kitanda kile kile, kinu pembeni. Nilipovuta mkeka mwingine uliokuwa chini ili niutandike vizuri, niliona saruji. Ilikuwa imepasuka. Karibu na kitanda, karibu na mlango, karibu na dirisha, kila mahali alama za duara, saruji imekuwa unga.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika ukuta.

"Hapa chini hakuna muntu," alisema. "Nilijaribu fasi yote."

Nikaurudisha mkeka juu ya zile alama.

"Kinaniuma kimoja tu," aliendelea, akikaa polepole. "Siendi kulia tena juu ya kufa, kufa ni ya Mungu. Lakini sikumuaga. Yee nilimufundisha: ukitoka, unagonga. Mi mwenyewe nilitoka bila kugonga. Kasongo hajue fasi nilienda. Atasema mama alimukasirikia."

"Labda anajua, mama. Yuko kwa Mungu, Mungu anajua."

"Mungu anajua, ndiyo. Mi nasema juu ya Kasongo."

Alikuwa amekwenda kwenye ukuta zamani, wakati miguu ilikuwa bado miguu. Walinzi walimpa maji, wakamwita bibi, wakamsindikiza hadi barabarani. Kila mara hivyo hivyo, na adabu. Sasa haendi hata kanisani.

Nilipika nikala naye. Nilipoaga alinionyesha kinu.

"Mchi ule, beba. Huku banasaga sombe na mashini, inakuwa kama rangi ya kupaka mulango. Utatwangia bantu ba malewa yako."

"Na weye, mama?"

"Mi nitagonga nani?"

Nikaubeba begani. Ulikuwa mzito kuliko nilivyoukumbuka, na mwisho wake mmoja ulikuwa mweupe kwa saruji. Alinisindikiza kwa macho tu. Nilipofika njiani nikamsikia akianza, "Ukipita kule..." Nikageuka. Alikuwa anaangalia lori linalopita. "Ukipita kule kwa lori, ufunike kichwa," alisema. "Vumbi ni mingi."

Siku ya mwisho ya konje niliondoka kwa tantine asubuhi, nikisema nakwenda kuuliza bei ya viti. Nilipita kando ya ukuta, mchi umefungwa ndani ya kitenge kama mtoto. Nilitafuta ile nguzo ya umeme iliyokuwa imelala kwenye kona ya njia yetu. Bado ipo, bado imelala, nje ya ukuta. Kutoka pale, kwetu palikuwa karibu. Nyuma ya matofali, hatua chache, ndipo ulipokuwa mlango wetu, na baada yake wa Mama Sombe. Karibu zaidi ya hapo mtu hawezi kufika.

Hakukuwa na mtu, ila malori. Nilifungua kitenge. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu.

Niligonga kwanza ile ya kuingia, kwa adabu. Nikainua mkono mmoja kama yeye, nikangoja. Lori likapita, ardhi ikatetemeka, likaenda. Niliinama, mdomo karibu na udongo, nikamwambia Kasongo kwamba mama yake alihama, hakukasirika, yuko njia ya Nzilo, mulango wa mwisho.

Kisha nikasimama, nikashika mchi kwa mikono yote miwili, bila kuomba udongo msamaha, nikagonga ile ya kutoka. Moja tu, kubwa.